Mtutu Mpya wa Bunduki ya Duane

Augusta, Montana
21 Juni 1993

Kaka Verlin,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Simu nimeichomoa ukutani tangu mazishi na sitairudisha. Kila aliyepiga alitaka kunisikia nikilia. Nikilia ananipa pole mpaka sikio linauma, nisipolia anakwenda kumwambia mkewe kwamba mjane wa Duane ana roho ngumu. Kwa hiyo ukinitaka, andika.

Kibali kimetoka. Kibali cha kondoo dume wa mlimani, Verlin! Miaka ishirini na minne mimi na Duane tumekuwa tukitia majina yetu kwenye ile bahati nasibu ya idara ya wanyamapori, na kila mwaka tunarudishiwa karatasi ya pole. Duane amekufa Februari, na jina langu limetoka Juni. Nilikaa na ile karatasi jikoni nikamtukana mume wangu kwa sauti, maana kufa kwake kulikuwa kwa haraka mno.

Nitakuambia wewe tu. Siku hizi naamka saa tano mchana, saa kumi na mbili jioni nimeshalala, na katikati sijui nafanya nini. Ila huyu kondoo nitampandia mlimani na nitashuka naye. Hilo nimeliamua. Nikishindwa hilo, sina kingine cha kuamkia, na sisemi hivyo ili unihurumie.

Shida ni bunduki. Mtutu wa bunduki ya Duane umekwisha, amepiga nao kulungu wa nusu ya kaunti hii. Hollis Pruett, jirani yangu, ataituma bunduki kwako kwa gari la mizigo wiki hii. Nifungie mtutu mpya, kaka. Msimu unafunguliwa katikati ya Septemba.

Dada yako,
Arlys


Miles City
9 Julai 1993

Arlys,

Bunduki imerudi kwenye gari la jana. Mtutu mpya umekaa vizuri, nimeusugua ndani kwa mkono wangu siku mbili nzima. Kiuno changu kibovu kimenitukana kwa lugha zote.

Sasa nisikilize, na usinikatize. Mtutu mpya lazima uzoezwe. Ndani yake kuna mikwaruzo midogo ya mashine, na shaba ya risasi hunasa humo. Usipouzoeza tangu mwanzo, utabaki na tabia mbaya maisha yake yote. Utafanya hivi: piga risasi moja, safisha mtutu mpaka kitambaa kitoke cheupe. Hivyo hivyo mara kumi. Kisha piga tatu, safisha, mpaka ufike arobaini. Kisha tano, safisha, mpaka themanini. Usizidishe risasi kumi kwa wiki, mtutu upumzike. Fanya asubuhi kabla upepo haujaamka, pale kwenye shimo la kokoto. Na kila Jumamosi nitumie vitambaa na karatasi za shabaha nivione kwa macho yangu.

Najua alichokuwa anasema Duane juu ya mambo haya. Usiniandikie.

Verlin


Augusta
15 Julai 1993

Kaka,

Nakuandikia hasa. Duane alisema kuuzoeza mtutu ni dini iliyobuniwa na wauza mitutu, ili mjinga amalize nusu ya mtutu wake akiulainisha, kisha arudi kununua mwingine. Na wewe mwenyewe, Krismasi ile ulipolewa kwetu, ulicheka mpaka ukamwaga kahawa ukakubaliana naye. Umeokoka lini?

Mimi nitapiga tatu, nitarekebisha darubini ya bunduki, basi. Hiyo dawa yako ya kuyeyusha shaba inanuka mkojo wa paka.

Arlys


Miles City
19 Julai 1993

Arlys,

Nilikuwa nimelewa. Bunduki ni yako, lakini mtutu ni wangu mpaka risasi ya themanini. Ukipiga tatu na kuacha, ukimkosa kondoo usije kunililia. Unataka kumpandia mnyama uliyemngoja miaka ishirini na minne na mtutu usiojua kazi yake? Haya, panda.

Nangoja vitambaa.

Verlin


Miles City
19 Julai 1993

Bwana Hollis,

Hatujaonana tangu mazishi, samahani kukusumbua. Nina ombi, na lazima libaki kwako.

Nimempa dada yangu ratiba ya kuuzoeza mtutu. Wewe ni mtu wa bunduki, utacheka. Mtutu ule haukuhitaji hata risasi moja ya kuzoezwa. Nimeshaumaliza mimi hapa karakanani. Risasi tatu za kurekebisha darubini zingemtosha. Lakini ameniandikia kwamba anaamka saa tano, na akamaliza kwa maneno ambayo sikuyapenda kabisa. Mimi kwa hiki kiuno siwezi kuendesha gari kwa muda wa saa saba kuja kumtoa kitandani. Kwa hiyo nimemtafutia sababu ya kutoka asubuhi, na sababu ya kuniandikia kila Jumamosi. Sikuona njia nyingine. Yeye ukimwambia amka, analala zaidi.

Nitazamie kama anakwenda pale kwenye kokoto. Na akikuuliza, sema mtutu lazima uzoezwe.

Verlin Tollefson


Augusta
2 Agosti 1993

Verlin,

Anakwenda. Saa moja asubuhi gari lake linapita kwangu. Juzi alinipungia mkono, mara ya kwanza tangu Februari.

Ameniuliza. Nimesema lazima uzoezwe. Mimi kusema uongo nimezoea kwa ng'ombe tu, nikiwaambia sindano haiumi, kwa hiyo sijui kama ameniamini. Jambo lenyewe silipendi, lakini naona linamfaa.

Hollis


Augusta
8 Agosti 1993

Kaka Verlin,

Vitambaa hivi hapa, nimevipanga kwa tarehe, maana najua ulivyo. Tazama cha kwanza kilivyo buluu tupu kwa shaba, halafu tazama cha juzi. Loo, inaelekea dini yako ina ukweli kidogo! Duane angenuna wiki nzima.

Kuna jambo moja. Sasa niko kwenye zile tatu tatu. Risasi ya kwanza baada ya kusafisha ni mlevi. Inakwenda juu kushoto, inchi tatu na zaidi, halafu mbili zinazofuata zinakaa pamoja, unazifunika kwa kizibo cha chupa. Kila mara hivyo hivyo. Nimekosea nini?

Asubuhi kule ni baridi tamu. Kuna ndege wadogo wamejenga kwenye ukuta wa kokoto, nikifyatua wananyamaza, kisha wanaanza tena kunisema. Nimeanza kubeba chai ya chupa na mkate. Jana nilijisahau nikala vipande viwili.

Arlys


Miles City
13 Agosti 1993

Mdogo wangu,

Hujakosea kitu. Hiyo ya kwanza usiijali, hesabu zinazofuata. Ndiyo sababu tunauzoeza mtutu. Ukifika themanini ulevi huo utaisha wenyewe. Endelea tu.

Kula viwili. Kula vitatu.

Verlin


Augusta
19 Septemba 1993

Kaka,

Sitini na tano! Zimebaki kumi na tano. Msimu umeshafunguliwa, na Hollis ananiambia twende, nami nimemwambia sitoki na mtutu ambao haujahitimu. Amenitazama kama anayetaka kusema kitu, akarekebisha kofia, akaondoka. Yule mzee ana mambo yake.

Kaka, nikuambie. Jumatano nilipotoka kwenye kokoto nilipitia mkahawani mjini, nikala pai, nikakaa na wanawake wa kanisani saa nzima. Waliniuliza habari za mtutu, nami nikawaeleza yote, shaba, vitambaa, tano tano, mpaka mmoja akasema, "Arlys, umekuwa fundi!" Niliporudi nyumbani nikatoa makoti ya Duane kwenye msumari wa mlangoni. Sikulia sana.

Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na kazi moja ndogo, isiyo na maana kwa mtu mwingine yeyote, na kazi hiyo ikamwinua asubuhi. Wewe ulijuaje? Hukujua, najua, wewe unafikiria mitutu tu. Lakini asante.

Mbona wiki hii hukuandika?

Arlys


Augusta
6 Oktoba 1993

Verlin,

Barua mbili hujajibu, natumaini ni uvivu tu.

Themanini! Nimemaliza jana. Leo asubuhi nimesafisha kama ulivyonifundisha, kitambaa cha mwisho kimetoka cheupe kama shuka ya hoteli, nikapitisha tone la mafuta ndani. Mtutu umehitimu, na ulevi, kama ulivyosema, umekwisha. Kesho alfajiri tunapanda na Hollis. Farasi wawili, chakula cha siku tano. Miguu yangu iko tayari, na mkono wangu haujawahi kutulia hivi.

Niombee, hata kama hujaingia kanisani tangu ubatizo wako.

Arlys


Hospitali, Billings
7 Oktoba 1993

Arlys,

Nimeanguka karakanani, kiuno kimevunjika, wamenitia chuma. Wiki tatu nimelala kwa dawa sijui Jumatatu wala Jumanne. Leo ndiyo nimeletewa barua yako ya Septemba. Simu yako haiiti, ya Hollis haipokelewi. Nimemwomba muuguzi aipeleke hii posta mchana huu.

Nilikuwa nikuambie hili mwenyewe kabla hujapanda, na mwezi umenipita. USIENDE NA MTUTU SAFI. Ukishamaliza themanini, piga nyingine mbili pale pale kwenye kokoto, na usisafishe tena. Uuache mchafu. Ile risasi ya kwanza ya mtutu safi haitaacha kupotea, si baada ya themanini wala mia nane. Nitakueleza baadaye kwa nini nilisema vingine. Piga mbili, usisafishe, kisha panda.

Verlin


Augusta
17 Oktoba 1993

Verlin,

Mimi si mwandishi, kwa hiyo nitasema moja kwa moja.

Siku ya tatu tulimpata dume, mzee, pembe zimezunguka kamili. Yadi mia mbili na arobaini, amesimama ubavu, kichwa kushoto, hana habari nasi. Arlys aliweka bunduki juu ya begi akalala chini. Nilikuwa na darubini yangu juu yake muda wote. Mkono wake haukutikisika. Pumzi ilikuwa shwari. Sijawahi kuona mtu akilala nyuma ya bunduki vizuri namna ile.

Risasi ilimpiga kwenye taya. Taya la chini lilining'inia. Akaruka kwenye magenge, na kabla Arlys hajaweka risasi ya pili, hayupo.

Tulimfuata siku tatu. Siku ya kwanza kulikuwa na damu. Siku ya pili tulimwona mara moja upande wa pili wa bonde, amesimama kwenye maji anajaribu kunywa, maji yanatoka. Mbali mno kupiga, na kulikwenda giza. Siku ya tatu theluji ilianguka ikafuta kila kitu. Wewe na mimi tunajua mnyama wa taya anakufaje. Ni njaa, wiki mbili, pengine tatu.

Arlys akatoa kibali chake mfukoni, akatoa kisu, akakata mwezi na tarehe kwenye kibali, kama anavyokifunga mtu aliyeua. Nilimwambia sheria haimlazimishi. Msimu una zaidi ya mwezi, madume wapo, turudi wiki ijayo. Akasema, "Wangu nimeshampiga, Hollis." Nawe unawajua watu wa huku. Aliyejeruhi na kumpoteza, kwake msimu umekwisha, na asiyefanya hivyo hatumsalimii dukani. Nikafunga mizigo kwenye farasi, tukashuka.

Sasa hili ndilo gumu. Posta mimi ndiye huchukua barua, zake na zangu. Barua yako ya hospitali iliingia tulipokuwa mlimani. Niliona muhuri wa Billings nikaogopa umekufa, nikaifungua. Najua ni kosa la jinai. Nimeisoma. Sijampa. Yeye anaamini mkono wake ulimtupa.

Niambie nifanye nini. Ukiniuliza mimi, ningeichoma.

Hollis


Augusta
20 Oktoba 1993

Kaka Verlin,

Hollis ameniambia uko hospitalini. Pole sana. Samahani nilikuita mvivu.

Kondoo sikumpata. Nilipiga vibaya. Mkono ulitetemeka, macho ya uzee, basi. Nimemjeruhi na nimempoteza. Sitaki kusema zaidi.

Mtutu wako hauna kosa, usije ukajilaumu. Nilifanya kila ulichosema, neno kwa neno, na ulikuwa mtutu bora kuliko mtu aliyeushika. Nakurudishia bunduki kwa gari la mizigo. Mpe yeyote. Mimi sitapiga tena, maana mtu anayedhani mkono wake umetulia na kumbe unatetemeka hapaswi kuelekezea kitu chochote chenye uhai.

Kila nikifumba macho namwona anakunywa.

Ugua pole. Ile miezi mitatu ilikuwa mizuri. Angalau ile ninayo.

Arlys


Miles City
14 Novemba 1993

Arlys,

Wamenitoa juzi. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumwomba kijana wa jirani anibebee bunduki yako mpaka nyuma ya karakana. Nimesafisha, nikatia mafuta, nikapiga. Mara tano. Mara zote tano risasi ya kwanza imekwenda inchi tatu na nusu, juu kushoto, kwa yadi mia. Kwa yadi zako ni zaidi ya inchi nane. Kutoka begani mpaka tayani ni hizo hizo.

Haikuwa mkono wako. Nisikie, mdogo wangu. Mkono wako ulifanya kazi yake. Ulilenga bega ukapeleka risasi pale mtutu safi unapoipeleka. Agosti uliniuliza juu ya hiyo risasi ya kwanza, ukaiona kwa macho yako mwenyewe, nami nilikuambia usiijali, itaisha. Niliyesema uongo ni mimi.

Hollis anataka ninyamaze. Nimelala na jambo hili siku ishirini na nne na siwezi. Huwezi kuishi ukidhani wewe ndiye uliyemtesa yule mnyama.

Nitakuambia na lililobaki, maana nusu ya ukweli ndiyo iliyotufikisha hapa. Kuuzoeza mtutu ni upuuzi. Duane alikuwa sahihi, nami nilikuwa sahihi nilipolewa. Ulihitaji risasi tatu tu. Zile themanini nilizibuni mimi, na kumi kwa wiki, na vitambaa vya Jumamosi, kwa sababu barua yako ya Juni ilinitia hofu nikaona nitakupoteza. Nilitaka uamke. Nikakudanganya ili uamke. Na ulipouliza juu ya ile risasi, ningekuambia kweli ungejua ratiba nzima haina maana, ungerudi kitandani. Nilipanga kukuambia dakika ya mwisho. Nikaanguka.

Hasira zako zote niletee mimi. Lakini mkono wako usiuseme vibaya tena.

Kaka yako,
Verlin


Augusta
22 Novemba 1993

Verlin,

Barua yako nimeisoma mezani, nikiwa nimevaa koti, na bado nimelivaa.

Kwa dakika moja nilifurahi. Ninakiri. Nilinyoosha mkono mbele yangu nikautazama, nikasema kumbe. Halafu dakika hiyo ikapita.

Ungeniandikia Julai, "Arlys, nakuogopea, toka nje," ningekutukana kurasa nne. Pengine nisingetoka. Sijui, nawe hujui, maana hukujaribu. Uliamua mimi ni wa kuchezewa kama ndama asiyenyonya, unamtia kidole mdomoni umdanganye kuwa ni titi. Hollis alijua. Alikuwa ananipungia mkono akijua. Wale wanawake mkahawani niliwaeleza habari za shaba kwa saa nzima, kwa fahari, mimi mwanamke wa miaka hamsini na tisa.

Na yule dume kule juu amekufa kwa njaa ili mimi niamke saa moja. Hollis anasema ni wiki tatu. Kwa hesabu hiyo alikuwa hai ulipokuwa hospitalini ukifikiria uniambie au usiniambie, na alikuwa hai mimi nilipokuwa nakuandikia pole.

Unasema umeniondolea mzigo. Mkono unaotetemeka ningeuzoea, kaka. Watu wanazeeka. Ningesema nilijaribu kwa uwezo wangu, sikufaulu, na hapo kabla nilikuwa na miezi mitatu ya asubuhi ambazo niliamka mwenyewe, kwa miguu yangu, nikafanya kazi ya kweli na kuifanya vizuri. Hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho hakikutoka kwa Duane wala kwenye kifo cha Duane. Nilikuambia, ile ninayo. Ulikuwa na barua yangu mkononi na bado ukaandika.

Uliniuliza Julai kama nataka kumpandia mnyama na mtutu usiojua kazi yake. Nakujibu leo kuhusu huo mtutu. Kuuzoeza kulikuwa na faida. Kulikuwa na faida mpaka asubuhi hii, posta ilipoleta barua yako.

Usije, kiuno hakitakuruhusu, nami sitafungua. Hollis nimemwambia asinichukulie barua tena.

Arlys